Swali la Saba katika Fomu ya Fahari

Ukivuka forodha mbili, ya kwanza imefungwa na ya pili haina mtu, unakuwa umeshaingia Jamhuri ya Tulizana, na kama hukuona tofauti si kosa lako. Nchi ni ndogo, watu wake wapole, na wizara yake kubwa kuliko zote ni Wizara ya Idadi na Utulivu, kwa kuwa huko huamini kwamba idadi ikitulia, watu nao hutulia.

Korona ilipokuwa ikizunguka dunia, Tulizana nako ilipita. Ilifika siku ya Jumatatu, wagonjwa wakahesabiwa, wakawa kumi na mmoja. Jumanne asubuhi Mheshimiwa Mtulizaji Mkuu akatangaza redioni kwamba daftari limefungwa.

"Kumi na mmoja ni timu ya mpira," alisema. "Atakayeugua kuanzia leo ni mchezaji wa akiba, na wachezaji wa akiba hawahesabiwi."

Watu wakapiga makofi, wengine wakakohoa. Kwa kuwa sheria ilikuwa haijasema lolote kuhusu kikohozi, polisi waliandika kwamba yote yalikuwa makofi.

Aliyekabidhiwa kuilinda hiyo kumi na moja alikuwa Mshamu Ligembe, Karani Mkuu wa Idadi, mtu wa miaka hamsini na mbili, mwembamba, shati lake jeupe limenyooshwa mpaka kwenye ukosi, na mwenye wivu. Huu wivu wake haukuwa wa kubahatisha. Alimwonea wivu aliye mbele yake kwenye foleni, na aliye nyuma yake alimwonea wivu pia, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumsukuma. Jogoo wa jirani akiwika kabla ya jogoo wake, siku nzima ilimharibikia.

Lakini wivu wake hasa, ule wa kulala nao na kuamka nao, ulikuwa kwa mkewe, Bi. Siwatu. Siyo kwamba Siwatu alifanya lolote. Alikuwa na kicheko tu. Kicheko kizuri, cha kutoka tumboni, na aliyejua kukitoa si mumewe bali jirani yao, Issa Chikopa, seremala mjane, aliyekuwa akirusha maneno kutoka upande wake wa ua huku anapiga randa. Maneno yenyewe wala hayakuwa ya kuchekesha. "Shemeji, leo mbao zimeniuliza habari zako." Basi Siwatu hoi. Mshamu aliongeza mabati safu ya pili kwenye ua. Kicheko kikapita juu.

Miezi ile ya ugonjwa usiokuwepo, Mshamu alihamia wizarani. Wiki sita alilala juu ya meza yake, kichwa kwenye daftari, ili idadi isije ikaongezeka mtu akiwa hayupo. Chakula kilipitishwa chini ya mlango, ndiyo maana wiki sita zote alikula chapati. Kazi yake ilikuwa kugonga muhuri kwenye vyeti vya vifo, kwa kufuata Orodha ya Sababu Zilizoidhinishwa. Sababu zilikuwa nane: ya kwanza umri, ya pili uchovu, ya tatu presha, ya nne mshtuko wa furaha, na nyingine za namna hiyo. Mwaka ule Watulizana walifurahi sana na walichoka sana.

Hata mama yake mzazi, Bi. Somoe, aliyekuwa akikaa chumba cha uani nyumbani kwake, alipofariki katika wiki ya nne, cheti kilipita mikononi mwa Mshamu mwenyewe. Sababu namba mbili, uchovu. Alilia, akapangusa meza, akagonga muhuri. Mazishini hakwenda. Idadi angemwachia nani?

Mambo yakapoa, Mshamu akarudi nyumbani, na Tulizana ingeendelea kutulia hadi leo, kama si majirani.

Ng'ambo ya mto kuna nchi nyingine, wenyewe huiita kwa jina lake, Watulizana huiita Ng'ambo, kwa kununa. Hao Ng'ambo walikuwa wamehesabu wagonjwa wao kwa uaminifu wakapata wawili katika kila watu mia. Kisha wataalamu wao wakasema hao ni wale waliofika hospitali tu. Wako walioumwa kidogo wakanywa chai ya tangawizi, na wako ambao hawakuumwa kabisa. Basi wakachukua damu. Mtu akishapatwa na ugonjwa ule, walieleza, mwili hutengeneza kingamwili, na hizo hubaki kwenye damu kwa miezi kama nyayo za mgeni aliyekwisha ondoka. Ukizitafuta nyayo utajua mgeni aliingia nyumba ngapi, hata zile zilizosema hazikufungua mlango. Wakapima watu elfu tatu, wakakuta thelathini na mmoja katika mia wana nyayo. Dunia ikawasifu. Rais wa Ng'ambo akapigwa picha anachungulia hadubini, na picha ikatoka kwenye magazeti ya nchi kumi na nne.

Mtulizaji Mkuu alipoiona hakula siku mbili. Siku ya tatu akamwita Waziri wa Idadi na Utulivu, Mheshimiwa Bushiri Kamtande, pamoja na mtaalamu mmoja wa damu aliyepatikana katika chumba cha chini cha hospitali kuu.

"Sisi hatuna damu?" aliuliza Mtulizaji.

"Tunayo, Mheshimiwa," alisema Waziri. "Na nyekundu kuliko yao."

"Basi tupime. Wao elfu tatu, sisi tupime mji mkuu wote."

Mtaalamu akajikohoza, yaani akapiga makofi kidogo. "Mheshimiwa, si lazima wote. Ukichagua watu vizuri, wachache wanatosha. Ni kama kuonja mchuzi. Kijiko kimoja kinakuambia chumvi ya sufuria nzima."

"Kwangu mimi," alisema Mtulizaji, "tunamaliza sufuria."

Likabaki tatizo dogo. Wagonjwa walikuwa kumi na mmoja kisheria. Kuwashinda Ng'ambo kungehitaji angalau thelathini na wawili katika mia, na mji ulikuwa na watu laki mbili. Watu hao wote wangepataje nyayo za mgeni ambaye hakuingia? Waziri Kamtande aliomba nusu saa ya kufikiri, akarudi na hotuba, ikasomwa redioni jioni ile ile:

"Ndugu wananchi, mataifa mengine hupata kingamwili kwa kuugua. Hiyo ni njia ya watu dhaifu. Mtulizana huipata kwa uzalendo. Damu yake ilisikia habari za adui kwenye redio, ikajiandaa. Atakayekutwa na kingamwili ni askari wa taifa aliyepigana bila kujua, na atavikwa Nishani ya Damu Tayari, yenye utepe wa kijani. Mwenye utepe hatapanga foleni popote."

Kabla ya hotuba hiyo, mtu angekuambia una korona mngegombana. Baada yake watu wakaanza kujidai. Yule aliyekuwa akikohoa kwa kuficha mdomo kwenye mto sasa alisimama sokoni akasimulia alivyopoteza harufu wiki tatu, mpaka akanywa mafuta ya taa akidhani ni maji, na wasikilizaji wakamtazama kwa husuda.

Upimaji ulifanyika kwenye viwanja vya shule. Unachomwa kidole, tone linawekwa kwenye kipande cha plastiki, unasubiri dakika kumi na tano. Mstari mmoja, huna. Miwili, unazo.

Mshamu alifika wa kwanza, kifua mbele. Ni nani mzalendo kuliko mtu aliyelala wiki sita juu ya taifa? Tone likawekwa. Ukatokea mstari mmoja. Akasubiri. Akakipuliza kile kipande. Akakiweka juani. Mstari ukabaki peke yake.

"Baba, damu tupu," alisema muuguzi. "Sogea wenzako wapite."

Siwatu alikuwa nyuma yake. Miwili, tena iliyokoza. Na nyuma ya Siwatu, hatua nne tu, Mshamu alizipima kwa macho, alikuwa Issa Chikopa. Miwili.

"Jirani," alisema Chikopa huku ananyonya kidole, "usihuzunike. Kila nyumba lazima abaki mmoja wa kupanga foleni."

Siwatu akacheka.

Njia nzima Mshamu alikuwa anapiga hesabu. Nyayo hazitembei peke yake. Mtaalamu alisema wazi kwamba kitu hiki hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, karibu karibu, pumzi kwa pumzi. Yeye hana. Mkewe anazo. Jirani anazo. Na yeye wiki sita hakuwepo nyumbani. Hata mtoto wa darasa la pili angeweka jibu.

Walipofika alimsubiri mkewe avue viatu.

"Umeipata wapi?"

"Nini?"

"Hiyo ya kwenye damu."

Siwatu akaviweka viatu mlangoni. "Baba Zuhura, ugonjwa si haukuja? Ulisema mwenyewe, kumi na mmoja basi. Nitapata wapi kitu ambacho hakikuja?"

"Nakuuliza kama mume."

"Na mimi nakujibu kama mwananchi. Nimeipata kwa uzalendo." Akaingia jikoni.

Ubaya wake ni kwamba hilo ndilo lilikuwa jibu la serikali, na aliyelipiga chapa nakala elfu kumi alikuwa yeye.

Wiki zilizofuata zilikuwa mateso. Matokeo yalitoka, arobaini na nne katika mia, Ng'ambo wameshindwa vibaya, mji ukapiga vigelegele. Mshamu akapanga foleni. Alipanga foleni ya sukari akimtazama Chikopa anapita pembeni na utepe wa muda wa karatasi ya kijani kifuani, akipunga mkono kama balozi. Alipanga foleni bombani huku mkewe ameshajaza ndoo na kuondoka, na ndoo ya pili, shahidi alisema, amebebewa. Alijaribu kuitafuta hiyo kingamwili kwa nguvu: aliwakumbatia watu wenye mafua, alikunywa kahawa kwenye vikombe vya wenzake, alikaa saa mbili katika chumba cha wagonjwa akivuta pumzi. Alipata upele.

Nyumbani alianza kunusa kanga. Ziliponukia vumbi la mbao, alisema, umeona? Zisiponukia kitu alisema, zimefuliwa haraka ya nini? Mwishowe akaandika barua kwa kaka yake Siwatu kwamba dada yenu njooni mumchukue, akaiweka mfukoni mwa shati, akabakisha kitu kimoja tu: ushahidi.

Ushahidi aliupata kwa njia ya kikazi. Wizara ilimwagiza atunge Fomu ya Fahari, itakayojazwa na kila mwenye kingamwili kabla ya kuvikwa nishani. Ilitakiwa iwe na maswali sita: jina, mtaa, kazi, kimo, namba ya kiatu kwa ajili ya gwaride, na je, unaipenda nchi yako, ndiyo au ndiyo. Mshamu akayachapa yote sita. Kisha akatazama mlango, akaongeza la saba:

"Katika miezi ile, ulikaa karibu na nani kwa muda mrefu kuliko wote, katika chumba gani, na kwa sababu gani? Jibu la uongo ni kosa dhidi ya taifa."

Watulizana ni watu wa ajabu: wanaweza kumdanganya mke, mume, na hata Mungu kwa kiasi, lakini fomu ya serikali hawaidanganyi. Wanaamini ina macho. Mshamu alilijua hilo vizuri.

Aliipeleka kwa Waziri. Mheshimiwa Kamtande alikuwa na desturi ya kusaini nyuma ya karatasi, kwa sababu sheria ya Tulizana inasema asiyesoma halaumiwi. Akaigeuza, akasaini.

"Yamekuwa saba?" aliuliza. Alikuwa amehisi uzito wa wino.

"La saba ni la mpangilio wa viti, Mheshimiwa. Siku ya sherehe. Tujue nani akae na nani."

"Vizuri sana. Mambo ya viti huwa yanaleta ugomvi."

Ugomvi haukusubiri viti. Fomu zilipofika majumbani, mji wote ukashikwa na ugonjwa wa Mshamu. Wake walikalia fomu za waume zao mpaka zijazwe mbele yao. Kuna mzee wa baraza la mji alikunja fomu yake akaitafuna, akasema nishani hataki, yeye foleni anaipenda, inamnyoosha miguu. Mkuu wa shule mmoja aliandika kwamba miezi yote alikaa na kamusi. Mhubiri maarufu aliandika "na Bwana," na mkewe akaongeza chini, kwa kalamu nyekundu, "na mama wa kwaya." Wiki ile ndoa thelathini zilivunjika, na Waziri alitangaza kwamba hiyo ni dalili ya damu iliyochangamka.

Mshamu alikuwa anafurahi. Kwa mara ya kwanza hakuwa peke yake.

Kisha fomu zikarudi wizarani, magunia kwa magunia, akaanza kuzisoma. Alitarajia vioja, na vioja vilikuwepo, ila vilikuwa vichache. Zilizobaki zilisema hivi:

"Nilikaa na baba. Chumba cha mbele. Nilikuwa namshikia beseni."

"Nilikaa na mke wangu, wodi namba tano, mpaka waliponiambia nitoke."

"Na dada yangu Mwajabu. Sababu: watoto walikuwa wadogo, nikasema acha mimi."

Kwenye daftari lake Mshamu aliyajua majina hayo. Baba alikuwa sababu namba moja, umri. Mke alikuwa presha. Mwajabu, miaka ishirini na tisa, alikuwa mshtuko wa furaha, na aliyegonga muhuri ni yeye. Alisoma gunia la kwanza, la pili, na la tatu. Watu aliowauliza wamelala na nani walikuwa wanamjibu wamemzika nani.

Katika gunia la nne akakuta mwandiko anaoujua.

"Nilikaa na mama mkwe wangu, Bi. Somoe. Chumba cha uani, siku tisa. Sababu: hakuwa na mwingine."

Na fomu iliyofuata chini yake, maana mtaa ni mmoja, ilikuwa na mwandiko wa penseli ya seremala:

"Bi. Somoe, mama wa jirani. Chumba cha uani, siku nne. Sababu: nilikuwa kiti."

Alifika nyumbani mchana, saa ambayo hakuwahi kufika. Siwatu alikuwa anapepeta mchele.

"Kiti maana yake nini?" aliuliza, bado amesimama mlangoni.

Siwatu hakuuliza kiti gani. Aliweka ungo chini. "Akilala pumzi haiji. Tukaweka mito, yote sita, anateleza. Chikopa alisikia ninavyohangaika akaja. Akasema, mgongo wangu na kifua vimezoea mbao. Akakaa kitandani nyuma yake, mama akamwegemea. Akiegemea hivyo anapata pumzi. Basi ndiyo ikawa kazi yake, asubuhi mpaka jioni."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikupigia wizarani mara tatu. Ukaniambia nisitaje kikohozi kwenye simu ya serikali. Nitumie orodha."

"Nilisema hivyo?"

"Nikatumia. Nikasema, mama amechoka sana. Ukasema apumzike."

Mshamu akatafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye kinu.

"Na siku ile nilipokuuliza umeipata wapi?"

"Hukuuliza ili ujue, baba Zuhura. Uliuliza ili umpate mtu." Akauchukua ungo wake. "Na hiyo barua ya mfukoni nimeisoma tangu Jumapili. Nani anakufulia hilo shati? Umekosea jina la kaka yangu. Ukiituma, irekebishe kwanza."

Mshamu akaitoa ile barua, akaichana vipande vidogo. Siwatu hakusema ahsante, wala hakusema usichane. Alipepeta mchele mpaka ukaisha, kisha akaweka chungu jikoni, na walipokula alimpa mnofu wa shingo, ambao Mshamu haupendi, na Mshamu akaula wote.

Ungedhani sasa wivu umemtoka. Haukumtoka; ulihama chumba. Zamani alikuwa akiona mkewe na jirani upande wa pili wa mabati. Sasa aliwaona katika chumba cha uani, mmoja ameshika beseni, mwingine amekuwa kiti, na katikati yao mama yake, na hakuna nafasi ya mtu wa nne. Siku nne. Yule seremala alikuwa na siku nne na mama yake ambazo Mshamu hakuwa nazo, na hakuna foleni duniani ya kuzipanga.

Huko wizarani Waziri Kamtande alikuwa anashughulikia viti.

Swali la saba si la viti? Basi makarani wadogo walikusanya kila jina lililotajwa katika jibu la saba wakaandika kadi za mwaliko: "Ndugu, unaalikwa kuketi kando ya mwenzako atakapovikwa nishani. Kufika ni lazima." Kadi zikapelekwa na posta. Nyingi zilirudi. Wenye nyumba walikuwa wameandika juu yake kwa mkono, "amechoka." Waziri akasema mwaliko wa taifa haukataliwi kwa uchovu, wekeni viti hivyo hivyo.

Siku ya sherehe, kwa kuwa uwanja usingetosha wote, walianza watu elfu moja wa kwanza; viti elfu mbili vilipangwa uwanjani, jozi jozi, kila kimoja kina jina kwenye karatasi iliyobanwa mgongoni: kimoja cha mwenye nishani, kimoja cha aliyekaa naye. Wenye nishani wakaja wote. Wenzao, wachache walikuja, wakiwemo wanawake watatu ambao uwepo wao ulisababisha kelele kidogo upande wa mashariki. Vilivyobaki vilikaa wazi. Kutoka jukwaani uwanja ulionekana kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno. Kuna mama aliweka kanga juu ya kiti kitupu cha mwenzake, ikaonekana kama mtu ameinama.

Mtulizaji Mkuu alivitazama viti, akanong'ona: "Hawa wageni mbona hawafiki?"

"Wako njiani, Mheshimiwa," alisema Waziri.

"Ng'ambo walikuwa na viti vitupu vingapi?"

"Hawakuweka viti, Mheshimiwa."

"Basi hapo pia tumewashinda." Akasimama akahutubia dakika hamsini juu ya damu. Bendi ikapiga wimbo wa taifa mara mbili, ya pili kwa kuwa hakuna aliyesimama mara ya kwanza.

Kubana nishani vifuani alipewa Mshamu. Waziri alikuwa bado hapendi kusogelea watu karibu, kwa sababu ya ugonjwa ambao haukuja. Akapita safu kwa safu na sinia la nishani: jina, pini, mkono, hongera. Alipofika mbele ya mkewe alimbana utepe taratibu, na Siwatu akasema kwa sauti ya chini, "Umepinda," akaunyoosha mwenyewe. Upande wake wa kulia kulikuwa na kiti chenye karatasi: Bi. Somoe. Na upande wa pili wa kiti hicho alisimama Issa Chikopa, amevaa koti la harusi yake, vumbi la mbao bado limo masikioni.

"Usinitoboe, jirani," alisema Chikopa. "Damu nimeshatoa."

Mshamu akashika ukosi wa koti, akaingiza pini, akasita.

"Ulikaa naye siku nne."

"Nne na asubuhi ya tano."

"Alikuwa anasema nini?"

Chikopa alitaka kuweka mzaha, ukaonekana kabisa unavyokuja midomoni, kisha ukarudi. Akakitazama kile kiti.

"Mwisho mwisho macho yalikuwa hayaoni vizuri. Na mimi niko nyuma yake, hanioni kabisa, anasikia tu kifua. Alidhani ni wewe."

"Alisema hivyo?"

"Aliniita Mshamu. Mara ya kwanza nikanyamaza, si jina langu. Mara ya pili nikamtazama shemeji, shemeji akageukia ukutani. Mara ya tatu nikaitika."

Nyuma yao mtu alikohoa. Safu ya wenye nishani ilikuwa imeanza kusukumana, jambo walilokuwa wamelisahau.

"Ukaitikaje?"

"Naam, mama."

"Akasema?"

"Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Akasema, huko kazini wanakupa nini? Hapo nikakwama, jirani. Sijui nyie watu wa wizara mnakula nini. Nikasema ubwabwa na samaki. Akafurahi. Akasema, basi wanakutunza."

"Karani," Waziri aliita kutoka jukwaani, "kuna nini hapo?"

"Pini imekwama, Mheshimiwa."

"Ng'oa, weka nyingine. Watu wanasubiri."

Mshamu hakuuachia ukosi. Alikuwa ameukamata kwa mikono yote miwili, kama mtu anayetaka kupigana, na watu wa karibu waliomjua wakaanza kusogea wapate kuona vizuri.

"Hebu sema tena," alisema polepole, "alivyoniita."

Chikopa akamtazama Siwatu. Siwatu akaitikia kwa kichwa. Basi seremala akageuka, akampa Mshamu mgongo kama Bi. Somoe alivyompa yeye, wakatazama upande mmoja wote wawili, na akasema kwa sauti ndogo, kavu, ya mtu asiye na pumzi za kupoteza:

"Mshamu."

Na Mshamu Ligembe, Karani Mkuu wa Idadi, mbele ya Waziri, bendi na viti vyote vile, akaitika.